Moto na Hewa Ndani ya Nyumba Wakati wa Kipupwe

Somo kwa wenye nyumba, walimu na viongozi wa vijiji

Kila mwaka, tangu mwezi wa Juni hata Agosti, baridi hushuka juu ya uwanda wa kati wa Tanzania. Mvua zimekwisha koma, mbingu ni wazi, na joto la mchana hupotea upesi mara jua likichwa. Katika wilaya ya Kondoa, Busi na kata za jirani zikiwamo, watu hulala wamejikunyata, na asubuhi wazee huegemea ukuta wa upande wa jua kabla ya kwenda kazini. Wakati huo ndipo watu wanapofanya mambo mawili kwa pamoja: hufunga mlango na kuziba kila tundu, kisha huleta moto ndani. Kila moja la mambo hayo likiwa peke yake si baya. Yakikutana, ndipo hatari inapozaliwa, na somo letu ni juu ya hatari hiyo.

Mtu akisikia habari ya hatari ya moto, mara hufikiri ndimi za moto zinazoteketeza paa. Lakini moto una madhara ya namna mbili. Liko dhara linaloonekana, nalo ni kuungua. Liko na lisiloonekana, nalo ni hewa. Hili la pili laweza kuua watu wa nyumba nzima katika usingizi wao, na asubuhi pasionekane hata alama ya masizi ukutani. Tutaanza na hilo, kwa kuwa halijulikani sana. Kisha tutasema juu ya mtungi wa gesi, ambao kwa vijiji vingi ni mgeni, na mwisho juu ya moto wenyewe.

1. Moto hula hewa

Moto hauishi bila hewa, kama vile mtu asivyoishi bila hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 hivi ni oksijeni, na hiyo ndiyo inayotegemewa na moto na mtu pia. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa urahisi. Awashe mshumaa mfupi juu ya meza, aufunike kwa bilauri. Kitambo kidogo mwali hufifia na kuzimika, ingawa utambi na nta vingalipo. Mwali haukukosa chakula, bali umekosa hewa.

Kuni au mkaa vikipata hewa tele, huungua vizuri na kutoa kabonidayoksaidi, hewa ile ile tunayoitoa puani. Vikipata hewa haba, huungua nusu nusu, na hutoa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hii ndiyo sumu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho.

Tazama jiko la mkaa lililokolea. Juu ya makaa mekundu huonekana ndimi ndogo za rangi ya buluu zikicheza. Ndimi hizo ni sumu hiyo ikiungua. Baadaye makaa hufunikwa na jivu jeupe, ndimi za buluu hutoweka, na watu husema, "Sasa jiko limetulia, tuliingize ndani tuote." Kumbe sumu haikukoma kutoka. Iliyokoma ni kuungua tu, na sasa yaingia chumbani nzima, mtu asiione.

Hapa pana udanganyifu mkubwa. Kuni zikitoa moshi, macho huwasha, kifua hukohoa, na mtu hufungua mlango kwa hasira. Moshi ni adui, lakini ni adui anayepiga hodi. Mkaa uliokolea hautoi moshi, kwa hiyo huonekana safi na salama kwa chumba cha kulala, hali kwa jambo hili wastahili kuogopwa zaidi. Mwenye kukumbuka neno hili moja tu katika somo hili amepata faida: mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu.

2. Namna sumu inavyomshika mtu

Ndani ya damu mna kitu chekundu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama punda waliopelekwa kisimani kuchukua maji, wakakutwa wamekwisha kupakizwa mawe. Punda wapo, njia ipo, na kisima kina maji, lakini maji hayafiki nyumbani. Hivyo mtu hupumua kama kawaida, kifua chapanda na kushuka, huku ubongo na moyo vikifa kwa kiu.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1895 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliivuta hewa hii yeye mwenyewe kwa kipimo, akaandika jinsi mwili wake ulivyobadilika. Mwaka uliofuata mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, katika nchi ya Wales, ulilipuka, na wachimbaji 57 wakafa. Haldane alipochunguza maiti aliona kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko wala kwa kuungua, bali na kaboni monoksaidi. Akashauri wachimbaji washuke mgodini na wanyama wadogo, kama panya au ndege, kwa sababu viumbe hao hupumua upesi na huzidiwa kabla ya mtu. Taa haikuwafaa kwa kazi hiyo, maana mwali waweza kuendelea kuwaka vizuri katika hewa inayoua mtu. Basi wale wanaosema, "Koroboi bado yawaka, kwa hiyo hewa ni nzuri," wanajidanganya.

Dalili zake ni hizi. Kwanza kichwa huuma. Kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, miguu hulegea, mawazo huchanganyika, na mwisho mtu huzimia. Mara nyingi mtu hutaka kutoka nje, lakini miguu haimtii. Aliyelala hapati dalili hata moja. Hupita kutoka usingizini hata mautini. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito pamoja na mtoto aliye tumboni.

Dalili hizi hufanana na za malaria, na wengi humeza dawa za malaria bure. Yako mambo matatu ya kupambanua. Kwanza, sumu hii haileti homa: mwili hauchemki. Pili, huwashika watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Tatu, wakikaa nje katika hewa safi hupata nafuu, na wakirudi ndani penye jiko huumwa tena. Ukiona hivyo, usitafute mbu. Tazama jiko.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wasiosoma. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliangukia jimbo la Texas, Marekani, na umeme ukakatika katika mamilioni ya nyumba. Watu wakawasha majiko ya mkaa na jenereta ndani, na wengine wakaketi ndani ya magari yenye injini zinazounguruma katika banda lililofungwa. Mamia walipelekwa hospitali, na baadhi yao walikufa. Baridi humfanya kila mtu afunge mlango, tajiri na maskini.

3. Tembe na nyumba ya bati

Tembe ni nyumba ya busara. Wagogo na Warangi waliijenga kwa miti na udongo, paa lake likiwa tambarare na zito, nayo huzuia baridi ya usiku na jua la mchana. Tena cheche haiteketezi paa la udongo kama inavyoteketeza nyasi. Lakini unene ule ule unaozuia baridi huzuia na hewa chafu isitoke. Tembe yenye mlango mmoja mfupi na isiyo na dirisha ni kinga njema dhidi ya upepo, bali jiko la mkaa likiingizwa humo na mlango ukafungwa, huwa chungu kilichofunikwa.

Nyumba ya matofali na bati nayo isijivune. Zamani hewa ilipita kati ya ukuta na bati, na watu walisikia baridi. Siku hizi mafundi huziba nafasi hiyo kwa udongo au saruji, huweka dari, na madirisha hutiwa vioo. Baridi imepungua, na njia ya hewa imepungua pia.

Dawa si kukataa joto. Dawa ni kuipa hewa njia. Yafuatayo yawezekana katika nyumba yoyote:

Kwanza, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata likiwa dogo, hata likifunikwa jivu, hata kwa "dakika chache tu". Dakika chache hugeuka kuwa usiku kucha usingizi unapomchukua mwenye kulichunga.

Pili, moto wa kuota uwe uani au katika jiko la nje, watu waote wakati wa jioni, kisha waingie kulala. Moto ubaki nje, uzimwe.

Tatu, ikiwa lazima kupika ndani, yawepo matundu mawili, moja chini karibu na sakafu la kuingiza hewa, na jingine juu chini ya paa la kuitoa. Tundu moja halitoshi, maana hewa mpya haina pa kuingilia. Bomba la kutolea moshi likijengwa juu ya mafiga ni bora zaidi.

Nne, joto la kulalia litafutwe mahali pengine: blanketi la ziada, mkeka na matandiko mazito kati ya mwili na sakafu, soksi na kofia kwa watoto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa katika kitambaa. Baridi nyingi hutoka chini. Wengi hujifunika mablanketi mawili juu na kulala juu ya mkeka mtupu.

4. Mtu akikutwa amezidiwa

Ukiingia nyumba yenye jiko ukawakuta watu wamelegea au hawaamki, usiketi kuwauliza maswali. Fungua mlango na madirisha, vuta pumzi nje, ingia, umtoe mtu mmoja mmoja hata hewani. Mwite jirani akusaidie. Waokoaji wengi huanguka kwa kukaa ndani kitambo kirefu. Mgonjwa alazwe ubavu nje, mwili wake ufunikwe. Kama hapumui, mwenye kujua kazi hiyo ampulizie pumzi kinywani. Usimnyweshe kitu aliyezimia, wala maziwa, kwa maana sumu hii haimo tumboni; imo katika damu. Dawa yake ni oksijeni, nayo hupatikana hospitalini.

Hata akiamka na kusema amepona, apelekwe. Katika hewa ya kawaida sumu hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5, na katika saa hizo moyo na ubongo vyaweza kudhurika. Mwambieni mganga wa zahanati waziwazi: "Palikuwa na jiko la mkaa ndani." Neno hilo moja humsaidia kuliko maelezo mengi.

Tena liko jambo zito la kusema mbele ya wazee. Watu watatu au wanne wakikutwa wamekufa kitandani, bila jeraha na bila kuugua, ni rahisi minong'ono kuanza, na jina la bibi kizee fulani likatajwa. Basi msiba mmoja huzaa wa pili, na asiye na hatia huteswa. Kiongozi wa kijiji akifika penye msiba wa namna hiyo, na atazame kwanza kama lipo jiko chumbani, kama mlango na madirisha vilikuwa vimefungwa, na jivu lake ni jipya au la zamani. Aliandike, awaite polisi na mganga, na awaeleze watu aliyoyaona. Elimu ya hewa hii si ya kuokoa pumzi tu, bali yaokoa na haki.

5. Mtungi wa gesi

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei yenye ruzuku. Faida yake ni kubwa: moshi hupungua kifuani mwa mama na mtoto, na miti hupumzika. Watu wa Kondoa wanajua vema maana ya miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakila ardhi, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika ili majani na miti irudi. Mgeni huyu basi tumpokee, ila tujue tabia zake.

Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa hata ikawa maji. Ikitoka, hutanuka takribani mara 250. Kikombe kimoja cha maji hayo hutoa gesi ya kujaza vikombe kama 250. Gesi yenyewe haina harufu. Watengenezaji huitia dawa yenye harufu mbaya, kama kabeji iliyooza, ili mtu aonywe. Nayo ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, hujikusanya chini ya kitanda, katika shimo, katika pembe ya nyumba, na hungoja cheche. Kwa hiyo tundu lililo juu ya ukuta halitoshi kuitoa. Mlango ulio wazi hata chini ndio unaoitoa.

Linganisheni sasa. Sumu ya mkaa haina harufu, hujaza chumba chote, na huua kimya. Gesi ya mtungi ina harufu, hulala chini, na huua kwa mlipuko. Dawa ya zote mbili yaanzia mahali pamoja, yaani mlango na dirisha.

Kanuni za mtungi ni hizi:

(a) Mtungi usimame wima, mahali palipo sawa, penye hewa, mbali na mafiga na jiko la mkaa. Usiwekwe chumbani mwa kulala. Nyumba nyingi hupika chai kwa gesi na maharagwe kwa kuni. Basi vitu hivi viwili visikae jirani.

(b) Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukifungua kwanza na kutafuta kiberiti baadaye, gesi huwa imekwisha tambaa.

(c) Kila ukibadili mtungi, paka povu la sabuni penye kifungio na katika urefu wote wa mpira wa gesi. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi yavuja. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Mpira uliopasuka ubadilishwe, usifungwe kwa kitambaa.

(d) Ukimaliza kupika, funga penye mtungi wenyewe, si penye jiko tu.

(e) Mwali mzuri ni wa buluu. Mwali ukiwa wa manjano na sufuria ikipata masizi, gesi haiungui vizuri, nayo yaweza kutoa sumu ile ile ya mkaa. Kwa sababu hiyo jiko la gesi halifai kuachwa likiwaka usiku ili kupasha chumba joto.

(f) Wakati wa baridi gesi hutoka kwa unyonge, hasa mtungi unapokaribia kwisha. Hapo wengine huulaza mtungi ubavu, au huutikisa, au huusogeza karibu na moto. Haya ni mambo ya hatari kuu. Mtungi uliolazwa hutoa maji ya gesi badala ya mvuke, na mwali huruka ghafula. Mtungi uliopashwa moto waweza kupasuka. Ngoja jua likichomoza, au nunua mwingine.

(g) Nunua kwa wakala anayejulikana, mtungi ukiwa na lakiri yake. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kuingia mdogo ni kazi ya kiwanda. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka penye kituo cha kujazia gesi kisichokuwa na kibali, katikati ya makazi ya watu. Watu waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Wengi wao hawakuwa wanunuzi wa gesi hiyo, bali majirani.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kitu wala kuzima kitu: si taa ya umeme, si kiberiti, si simu. Funga mtungi, fungua mlango, toeni watoto nje, na mtungi utolewe hata mahali pa wazi. Gesi ikiwaka penye kifungio nawe waweza kukifikia bila kuungua, kifunge. Huwezi, basi kimbieni mbali wote. Nyumba hujengwa tena.

6. Moto wenyewe

Miezi ya baridi ndiyo miezi ya ukavu. Nyasi zimekauka, upepo wavuma, mabua ya mtama na mahindi yamerundikwa karibu na nyumba, na nafaka ya mavuno imo ndani. Nyumba ikiungua mwezi wa Julai, huungua pamoja na chakula cha mwaka mzima.

Jivu ndilo chanzo kisichodhaniwa. Makaa yaliyofunikwa na jivu huweza kukaa hai usiku kucha na mchana wake. Jivu lisimwagwe jalalani kukiwa na upepo. Litiwe shimoni na kumwagiwa maji au kufunikwa udongo. Mabua na kuni za akiba ziwekwe mbali na jiko.

Koroboi na mshumaa visiwekwe karibu na chandarua, nguo zinazoning'inia, wala kitanda. Taa isitiwe mafuta ingali inawaka, na mafuta ya taa yasichanganywe na petroli kamwe. Mwezi wa Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, na wanafunzi 12 wa kike wakafa; mshumaa ulitajwa kuwa ndio chanzo. Kila mwalimu mwenye bweni ajiulize leo: milango inafunguka kwa ndani? Madirisha yana nondo zisizopitika? Ufunguo uko kwa nani usiku?

Mtoto mdogo na mwenye kifafa wasiachwe peke yao karibu na mafiga. Mafiga yakiinuliwa juu ya jukwaa la udongo, maanguko mengi hupungua.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie, maana upepo huuchochea. Alale chini, afunike uso kwa mikono, na kuviringika; au afunikwe blanketi zito. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, usimwage maji, kwa kuwa yatarusha moto hata darini. Funika sufuria kwa kifuniko na uondoe moto chini yake.

Aliyeungua, mmiminieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mahali penye shida ya maji, ndoo yaweza kutosha ikimiminwa kidogo kidogo kwa kikombe. Msipake dawa ya meno, mafuta, asali, jivu wala kinyesi cha mnyama. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Funikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni kituo cha afya.

7. Kazi ya viongozi na walimu

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haitozwi malipo. Lakini kijiji kilicho mbali na mji hakiwezi kuketi kikingoja gari. Wazima moto wa kwanza ni majirani. Yafaa kila kitongoji kiwe na ndoo zinazojulikana ziliko, mchanga mkavu, ngazi, na mlio mmoja wa kuitana ambao kila mtu aufahamu. Mwenyekiti wa kijiji aliseme jambo hili katika mkutano wa mwezi wa Mei, kabla ya baridi kuingia, kwa kuwa onyo lililotolewa matangani halimfai aliyezikwa. Mwalimu awafundishe watoto, nao watalipeleka nyumbani. Mtoto wa darasa la nne aliyejua habari ya mkaa aweza kumwambia babu yake kwa adabu, "Babu, naomba nilitoe jiko nje." Na babu asione haya kukubali.

Maswali ya darasani na ya mkutano

1. Kwa nini mkaa usio na moshi ni wa hatari zaidi chumbani kuliko kuni zenye moshi?
2. Koroboi inayowaka yaweza kuthibitisha kwamba hewa ya chumba ni salama? Eleza.
3. Utapambanuaje mtu aliyeshikwa na sumu ya mkaa na mgonjwa wa malaria?
4. Kwa nini nyumba inayopikiwa ndani yataka matundu mawili, si moja?
5. Gesi ya mtungi ikivuja, huenda wapi, na kwa nini?
6. Hesabuni usiku huu: katika kitongoji chenu, nyumba ngapi huingiza jiko la mkaa chumbani? Nani atakwenda kuzungumza nao, na siku gani?